Fika Mstarini Ukiwa Umepoa

Haya ni maneno niliyowaambia wakimbiaji wenzangu Jumamosi iliyopita kuhusu kupoza mwili kabla ya mbio za joto, chini ya miti ya Arboretum hapa Nairobi, baada ya mbio ndefu ya asubuhi. Waliokosa waliomba niyaandike yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Wenzangu, hamjambo? Sogeeni kivulini. Wenye chupa za maji zipitisheni kwa walio nyuma.

Leo tumeanza saa 12 asubuhi. Wengine wenu mlikuja na glavu, na kuna mama mmoja hapa alikuwa amejifunga leso juu ya jaketi. Kufika kilomita ya tatu glavu zilikuwa mfukoni, na jaketi zimefungwa kiunoni. Huo ndio mji wetu. Nairobi inatufundisha kuogopa baridi, kwa hiyo kila asubuhi kazi yetu ya kwanza ni kutafuta joto.

Baada ya wiki tatu tunapanda treni kushuka Mombasa, na tunashuka wakati wa kaskazi, msimu wa joto la pwani. Nawaomba walioshawahi kukimbia kilomita 21 Mombasa wainue mikono. Naona mikono saba. Sasa abaki ameinua yule aliyemaliza kwa muda aliokuwa ameupanga. Mmeona? Umebaki mkono mmoja, tena ni wa mzaliwa wa Likoni, kulekule Mombasa.

Leo sitasema habari za mwendo wala za viatu. Nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke. Siku ile mbio zikianza, joto lako la ndani litakuwa limeanzia wapi? Unaanzia wapi?

Swali hilo sikulitoa kitabuni. Lilinikuta barabarani.

Miaka tisa iliyopita nilishuka pwani kwa mara ya kwanza kukimbia nusu marathoni. Nilikuwa nimejifua miezi minne, Karura na Ngong Road, na nilikuwa na nguvu. Mbio zilipangwa kuanza saa 12 na nusu. Zikachelewa zaidi ya saa nzima, na hatukuelezwa kwa nini. Mnajua muda wote huo nilifanya nini? Nilipasha. Niliruka, nikapiga magoti kifuani, nikakimbia huku na huku kwenye lami juani, kwa sababu Nairobi ukisimama dakika tano baridi inakuingia magotini. Nilifika mstarini fulana imelowa, uso unawaka, moyo unadunda. Nikajiambia: sasa niko tayari.

Na miguu ilikuwa myepesi! Hapa ndipo pwani inapotudanganya sisi watu wa bara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kule kila pumzi inakupa oksijeni zaidi ya uliyoizoea, na mwili unasema twende. Nikaenda. Kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo misuli inavyozalisha joto zaidi, lakini nani alikuwa na habari hiyo? Mapafu yalikuwa yanaimba.

Kilomita ya 14 nilianza kuhisi baridi. Baridi, wenzangu, Mombasa, jua limeshapanda! Vinyweleo vya mikono vilisimama. Niliona barabara inainuka kama mlima, na barabara yenyewe ilikuwa tambarare. Ninachokumbuka baada ya hapo ni harufu ya samaki.

Mchuuzi wa samaki alikuwa anapita na baiskeli yake, kasha la barafu limefungwa nyuma kwa mpira. Aliniona nikiyumba, akaniwahi kabla sijaanguka kifudifudi. Alinilaza kando ya kibanda, akafungua kasha, akatoa samaki akawaweka juu ya gunia, halafu akanimwagia barafu yote aliyokuwa nayo: shingoni, kwapani, kwenye kinena, kifuani. Mama wa kibanda akaleta maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo. Wakaninyeshea mpaka nikaanza kutetemeka na kulitaja jina langu sawasawa. Gari la wagonjwa lilifika baadaye, na daktari aliyenipima aliniambia wazi kwamba ile barafu ndiyo iliyoniokoa.

Siku ya pili nilirudi kumtafuta. Samaki wake walikuwa wameharibika. Alikubali nimlipe pesa za samaki. Za barafu alizikataa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Barafu iliyoniokoa kilomita ya 14, kwa nini haikuwa nami kabla ya kilomita ya kwanza?

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Mwili wako ukiwa umetulia, ndani una nyuzi 37 hivi. Ukikimbia, misuli inatumia chakula kama injini inavyotumia mafuta, na kama injini, sehemu kubwa ya nishati hiyo haiendi kwenye mwendo. Karibu robo tatu au zaidi inageuka joto. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 kwa saa anatumia kalori 600 hivi katika saa hiyo. Lau joto lote lingebaki ndani bila njia ya kutokea, mwili ungepanda nyuzi moja kila baada ya dakika sita au saba. Fanya hesabu mwenyewe uone ungefika wapi kabla ya nusu saa.

Na mwili una dari. Ukikaribia nyuzi 40, ubongo unaanza kukunyima miguu. Unakulegeza kwa nguvu, upende usipende.

Mwaka 1999 watafiti huko Denmark walichapisha jaribio ambalo mimi huwa nalisimulia kama hadithi. Walichukua wapanda baiskeli saba wenye mazoezi ya kutosha, wakawaendesha katika chumba chenye nyuzi 40 mpaka kila mmoja ashindwe. Lakini kabla ya kupanda baiskeli, kila mtu alikaa nusu saa ndani ya maji. Siku moja maji ya baridi, siku nyingine ya vuguvugu, siku nyingine ya moto. Kwa hiyo siku moja walianza wakiwa na nyuzi 35.9 ndani, siku nyingine 37.4, na siku nyingine 38.2.

Walioanza na joto la juu walidumu dakika 28. Walioanza na la kawaida walidumu dakika 46. Walioanza wamepoa walidumu dakika 63.

Watu walewale. Miguu ileile. Chumba kilekile. Dakika 28, dakika 63! Na siku zote tatu waliposhindwa, joto lao la ndani lilikuwa limefika palepale, nyuzi 40 na kidogo. Dari haikusogea. Kilichosogea ni sakafu.

Mimi siku ile ya Mombasa nilianza na sakafu ya juu. Nilikuwa nimeshatumia nafasi yangu yote nikiruka mbele ya mstari. Kwa hiyo nawauliza tena: unaanzia wapi?

Mtu ataniambia, kocha, si kuna jasho? Jasho linapoza. Kweli, linapoza. Lakini linapoza vipi?

Waliokulia kwa nyanya zao wanaukumbuka mtungi. Maji ya mtungi yanakuwa baridi bila friji, kwa sababu udongo unavuja kidogo kidogo, na ule unyevu wa nje ukikauka unaondoka na joto. Ngozi yako ni mtungi. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini inaondoka na kalori zaidi ya 500. Hiyo ni karibu sawa na kazi nzima ya ile saa moja tuliyoihesabu. Lakini nimesema ikikauka. Jasho linalodondoka chini halijakupoza. Limekupunguzia maji tu. Na wakati wa fukuto la kaskazi hewa imeshiba unyevu, jasho halina pa kwenda. Hapa Nairobi ukimaliza mbio unakuta chumvi nyeupe imekauka usoni. Kule unakuta viatu vinapiga chwaa, chwaa. Hiyo sauti ni jasho lililopotea bure.

Mnakumbuka Doha, mwaka 2019? Mashindano ya dunia ya riadha. Waliogopa jua, wakaanzisha marathoni ya wanawake usiku, saa 6 kasoro dakika moja. Hakukuwa na jua hata chembe, lakini joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Wanawake 68 walianza. Waliomaliza ni 40. Wanariadha 28, waliochaguliwa na nchi zao, walitoka njiani, wengine kwa viti vya magurudumu. Usiku wa manane!

Aliyeshinda alikuwa Mkenya mwenzetu, Ruth Chepng'etich, kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Miaka ya baadaye alifungiwa kwa dawa zilizokatazwa michezoni, na hiyo ni habari nyingine, lakini usiku ule unatufundisha. Hakuna mshindi wa marathoni ya wanawake katika mashindano hayo ya dunia aliyekuwa ametumia muda mrefu hivyo kabla yake. Alishinda kwa sababu alikubali kwenda na hali ya hewa ilivyo.

Sasa tuje kwenye dawa.

Sisi Waswahili tuna neno zuri. Watangazaji wa redio wakielezea wachezaji kabla ya mechi wanasemaje? Wanapasha misuli moto. Misuli! Hawasemi wanapasha tumbo moto, wala kichwa, wala damu. Lugha yetu imeshatueleza kazi ilivyo: miguu iwe tayari, huku kiini cha mwili kimepoa. Hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, na ndiyo kazi ya kupoza mwili mapema.

Waaustralia walilitilia mkazo jambo hili mapema. Wapiga makasia wao walikwenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na fulana zenye barafu, wakizivaa wakati wa kupasha. Miaka minane baadaye, Athens 2004, marathoni ya wanawake ilianza saa 12 jioni lami ikiwa bado inawaka. Mmarekani Deena Kastor alipasha akiwa amevaa fulana ya barafu, akaivua, akaanza taratibu nyuma ya viongozi, akawapita mmoja mmoja hadi akachukua shaba. Fedha ilikuwa ya Catherine Ndereba wetu, nyuma ya Mjapani Mizuki Noguchi kwa sekunde 12 tu.

Fulana hizo ni ghali na hatuzihitaji. Tunahitaji ndoo, taulo, leso na themosi ya uji wa barafu.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye themosi, kwa sababu ndiyo silaha ninayoipenda. Barafu ina siri ambayo maji baridi hayana. Maji baridi yakiingia tumboni yanachukua joto kidogo ili yafike nyuzi 37. Barafu ina kazi mbili. Kwanza inabidi iyeyuke, na kuyeyuka peke yake kunameza joto jingi, kalori 80 kwa kila kilo. Halafu ikishakuwa maji inaendelea kumeza joto mpaka ifanane na mwili. Kwa uzito uleule, barafu inakupoza mara tatu na zaidi ya maji ya friji.

Mwaka 2010 watafiti wa Australia walijaribu. Wanaume 10 walikimbia katika joto la nyuzi 34 mpaka wakashindwa. Siku moja walikuwa wamekunywa maji ya nyuzi 4, siku nyingine barafu iliyosagwa, gramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili. Kwa maji walidumu wastani wa dakika 40 na kidogo. Kwa barafu, dakika 50. Karibu dakika 10, zimetoka kwenye kikombe!

Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 450, kama nusu lita. Mimi natumia maji ya ukwaju. Nachemsha maji, naloweka ukwaju, nachuja, natia sukari vijiko vitatu vikubwa visivyo na mlima na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nagandisha usiku kucha kwenye vibakuli vidogo. Alfajiri natia kwenye blenda pamoja na maji kidogo ya ukwaju yaliyobaki kwenye friji, nasaga mpaka iwe kama uji mzito, ule unaoshuka kwenye kijiko kwa kusitasita. Ikiwa maji matupu, umesaga kupita kiasi. Ikiwa inagonga meno, bado. Halafu naimimina kwenye themosi yenye mdomo mpana niliyoitia maji ya barafu tangu usiku ili kuta zake ziwe zimepoa. Ikifungwa vizuri, hata mbio zikichelewa, uji wako bado ni uji.

Unainywa vipi? Polepole, kwa nusu saa, kijiko baada ya kijiko. Ukiigugumia, kichwa kitakuuma katikati ya paji la uso kama umepigwa msumari, na tumbo litakusokota. Na chonde chonde, barafu ya kuingia mdomoni iwe ya maji yaliyochemshwa au ya chupa. Kipindupindu kinajificha kwenye barafu vilevile kinavyojificha kwenye maji, kugandisha hakukiui. Barafu ya samaki ni ya ngozi, si ya koo.

Asubuhi yenyewe, mpango wetu ni huu. Saa moja kabla ya kuanza, kila mtu kivulini, ameketi, themosi mkononi. Taulo zimelowekwa kwenye ndoo ya maji na barafu, zinakamuliwa kidogo, zinawekwa shingoni na mabegani, na zikishapata joto la mwili zinarudi kwenye ndoo. Taulo iliyopata moto ni blanketi. Kuwe na beseni la maji ya kupoa, si ya kuuma, unatia mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, dakika 10. Viganja vina mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, damu inapita pale inarudi moyoni imepoa. Ukitia barafu tupu mishipa inajifunga kwa mshtuko na unakosa ulichokitafuta.

Zikibaki dakika 15 unapasha misuli. Dakika saba au nane tu, taratibu, kivulini, leso yenye vipande vya barafu imefungwa shingoni. Mombasa hewa yenyewe imeshapasha nusu ya misuli yako. Leso inatoka dakika za mwisho. Na mbio zikichelewa? Mnarudi kivulini, mnaloweka taulo tena. Nitakayemwona anaruka juani nitamketisha mwenyewe, nawaambia mapema.

Msidhani mtaingia baharini mpoe. Wakati wa kaskazi maji yale ni ya vuguvugu, tena mtatoka na chumvi na mchanga mapajani.

Kuna mambo matatu ambayo siwezi kuyapita.

La kwanza ni kwa vijana wangu wa mita 100 na 200. Nawaona pale nyuma. Haya si yenu. Msuli uliopoa hauna mlipuko, na mbio zenu zinaisha kabla mwili haujaijua dari yake. Ninyi pasheni mpaka mtoke jasho. Kupoza ni kwa wa masafa, anayekaa njiani nusu saa na kuendelea.

La pili ni mwendo. Mwaka jana mmoja wetu, hayupo leo, alifuata kila kitu: barafu, taulo, beseni. Akafika mstarini amepoa, anajisikia kama yuko Limuru kwenye baridi. Kilomita tano za kwanza alizikimbia kama yuko Limuru. Kuanzia ya 12 alitembea. Nilitembea naye kilomita mbili za mwisho, na hakusema neno mpaka tulipoiona tepe. Kupoa mapema kunakupa nafasi, na nafasi hiyo inaisha. Baada ya nusu saa hivi mwili umeshaanza kuipoteza. Ukiitumia yote kwa kasi ya mwanzo, umemwaga maji jangwani. Anza sekunde 20 hadi 30 taratibu kwa kila kilomita kuliko mwendo wako wa hapa. Na maji ya njiani, mwagia kichwa na kifua, kunywa kwa kiu. Kunywa kupita kiasi nako kunaua. Kunapunguza chumvi ya damu mpaka ubongo unavimba.

La tatu ni mioyo yetu. Mwenye shinikizo la damu, mwenye moyo unaoruka mapigo, mwenye pumu, asijitie kwenye maji ya barafu bila kuonana na daktari wake. Mshtuko wa baridi unafunga mishipa na kurusha moyo. Kwa hao, kivuli na taulo ya maji ya kawaida vinatosha.

Na mjue kwamba barafu ni msaidizi. Kubwa kuliko yote ni kuuzoeza mwili joto, na kazi hiyo inachukua siku 10 hadi 14. Damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na chumvi yake inapungua. Tuna wiki tatu, kwa hiyo hatujachelewa. Ila ukizoea leo ukaacha, baada ya wiki mbili au tatu umerudi ulikotoka.

Sasa nisikilizeni kwa hili la mwisho kama mnavyomsikiliza mzazi. Ukimwona mwenzako njiani anayumba, anaongea ovyo, anakasirika bila sababu, anasema anasikia baridi, simama. Saa yako isimamishe, muda wako usahau. Usimpe dawa ya kushusha homa. Hii si homa, na dawa ile haisaidii hapa. Usisubiri gari. Mtoe juani, mvue nguo nzito, mtie kwenye maji baridi mwili wote ukipata pa kumtia, na usipopata mmwagie bila kukoma, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mpoze kwanza, hospitali baadaye. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Msingoje kuulizana nani mganga. Yule aliyeniokoa mimi alikuwa anauza samaki.

Jumamosi ijayo hatuanzi saa 12 asubuhi. Tunaanza saa 6 mchana, jua la utosi, hapahapa, kilomita nane za polepole. Kila mtu aje na themosi yake na uji wake wa barafu, ili tumbo litakalokataa likatae Nairobi, si Mombasa. Leteni taulo kuukuu. Asiye nayo apite soko la Gikomba. Vijana wa mita 100 mtatubebea ndoo. Wenye shinikizo la damu msiondoke kabla hatujaongea.

Nani ana kasha kubwa la kuwekea soda, la harusini? Asante, mama. Tutasafiri nalo tupu, halitatuzidia. Nimeshampigia yule mchuuzi, bado yuko na baiskeli yake. Anasema atatujazia barafu alfajiri ile, kabla hajaenda kununua samaki, na safari hii nimemwambia kwamba nailipia.